Ukaguzi wa nyumba za bei nafuu: mnampeleka semina asiyeshika bisibisi

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Hivi karibuni kwenye ukurasa huu wa barua kuna mwenzetu anaishi huku Marekani kwenye nyumba za bei nafuu, alilalamika kwamba kila wakaguzi wakikaribia kuja jengo lao linapakwa rangi usiku na mchana, maua yanapandwa getini, afu wakishaondoka mambo yanarudi kulekule, bomba linavuja, taa ya ngazi imekufa, na akauliza hawa wafanyakazi wa majengo wanalipwa kufanya nini. Mi ni mmoja wa hao wafanyakazi. Huu mwaka wa 11 niko kwenye matengenezo, nimeanza kwa kufagia maegesho ya magari, leo nina funguo za majengo matatu kiunoni, kwa hiyo ile barua niliisoma kama vile nimetajwa jina. Kwanza nilikasirika. Baadae nikatulia nikaona ndugu yule amesema kweli tupu, ila lawama kazishusha kwenye mlango ambao sio.

Ngoja nieleze hii kitu inavyoenda manake wengi wanaoishi humu hawajui, wanaona tu mtu kaingia na tableti anaangalia chini ya sinki anaondoka.

Nyumba ambazo serikali inachangia kodi zinakaguliwa kwa kanuni za HUD, yaani wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Mwaka 2023 wakaleta utaratibu mpya unaitwa NSPIRE, wakaanza Julai kwa nyumba za umma, Oktoba ukafika kwa majengo ya watu binafsi yanayopata ruzuku. Alama ni 100, chini ya 60 umefeli. Ukipata 90 na kuendelea wanarudi baada ya miaka 3, ukiwa kati ya 80 na 89 ni miaka 2, chini ya hapo utawaona kila mwaka mpaka mzoeane. Sasa kitu ambacho mabosi wengi hakijawaingia kichwani mpaka leo ni kwamba uzito umehamia ndani, kule anakolala mtu. Makosa ya ndani ya nyumba za wapangaji peke yake yakikula pointi 30, umefeli, hata kama jumla yako imevuka 60, hata kama bustani yako inafanana na ya ikulu. Na nyumba za kukaguliwa zinatoka kwa bahati nasibu, huwezi kumshika mkaguzi mkono ukampeleka kwenye zile tano ulizozipamba.

Notisi wanayotoa kwa kawaida ni siku 28. Na hizo siku 28, mhariri, ndo kwenye majengo mengi huwa mwaka mzima wa mafunzo unabanwa humo. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaita zimamoto, kama mwanafunzi aliyelala muhula mzima afu anakesha siku tatu kabla ya mtihani. Anakodishwa mtu wa rangi, anakodishwa mtu wa majani, sisi tunapewa karatasi ya kurasa 40 tunaambiwa tuisome nyumbani, funika kombe mwanaharamu apite.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu na sitasema ni kampuni gani. Siku kama nne kabla ya ukaguzi walileta vijana wa rangi wa kulipwa kwa siku, wakaambiwa dari la korido liwe jeupe. Wakalifanya jeupe kweli. Wakapaka dari, wakapaka na vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji jengo likishika moto, korido nzima, kimoja baada ya kingine. Kile kichwa kina kichupa kidogo cha kioo katikati, joto likizidi kinapasuka ndo maji yanatoka, sasa ukikipaka rangi nzito joto linachelewa kukifikia, au kinakwama, kwa hiyo kosa ambalo halikuwepo Jumatatu lilikuwepo Alhamisi, tena la hatari, na tulilinunua kwa hela. Haviruhusiwi kukwanguliwa wala kusafishwa na tina, vinabadilishwa. Nani wa kulaumiwa pale? Yule kijana wa rangi hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kile kitu ni nini. Aliona kinyesi cha nzi darini akakifunika.

Sasa nikija kwenye hoja yangu yenyewe. Mafunzo ya ukaguzi yapo, tena mengi, yanalipiwa pesa ya maana. Lakini anayepelekwa ni nani? Meneja. Msaidizi wa meneja. Mtu wa mahesabu. Wanaenda siku mbili hotelini, wanarudi na faili nene na kikombe cha bure chenye nembo, faili linawekwa kwenye shelfu nyuma ya printa, na sisi tunatumiwa imeili inasema tafadhali wote mpitie viwango vipya. Imeili! Yule mama anayesafisha korido hana hata imeili ya kazini. Na huyu mama ndo anapita kwenye kila mlango, kila ngazi, kila siku ya Mungu, anajua taa gani inapepesa na mkono gani wa ngazi unacheza kuliko mtu yeyote ofisini. Meneja wangu mmoja, mtu mwema tu sina ugomvi nae, alikuwa anazijua kanuni zile kwa namba zake lakini ukimpa bisibisi hajui ashike upande gani. Macho yanapaswa kuwa kwa anayetembea, sio kwa anayekaa.

Nilipopewa vijana wa kufundisha mwenyewe niliacha kabisa mambo ya kusoma makaratasi. Kijana wa kwanza nilianza nae kwenye mlango. Mlango mmoja tu, ule mzito wa chuma unaotenganisha korido na ngazi, nikamwambia ufungue mpaka mwisho uachie. Ukajifunga. Akasema uko sawa. Nikamwambia sasa ufungue upana wa kiganja tu, uachie, afu usiangalie, sikiliza. Ukarudi taratibu ukagusa fremu ukanyamaza. Nikamuuliza umesikia nini, akasema sijasikia kitu. Ndo hapohapo, nikamwambia, ilitakiwa usikie "tak", ulimi wa kitasa uingie kwenye tundu lake. Huu mlango umeegemea tu, haujafunga, moto ukisukuma hewa kutoka upande wa pili unafunguka wenyewe kama pazia. Tukakaza ule mkono wa chuma wa juu unaouvuta mlango ujifunge, nusu mzunguko, tukajaribu tena. Tak. Yule kijana mpaka leo hawezi kupita mlango bila kuuachia ausikilize, hata tukienda kula anafanya hivyo, watu wanamshangaa.

Na sikumficha kwanini nilianza na mlango. Januari 9 mwaka 2022 kule Bronx, New York, jengo la ghorofa 19 lilipata moto kutoka kwenye hita ya umeme ya kuwekwa chini, walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, na wengi walikuwa ndugu zetu Waafrika wenye asili ya Gambia. Moto wenyewe haukwenda mbali, ulibaki zaidi kwenye ile nyumba ulikoanzia na korido ya hapo. Kilichoua ni moshi. Mlango wa ile nyumba ulitakiwa ujifunge wenyewe watu walipokimbia, haukujifunga, na mlango wa ngazi ghorofa ya juu nao ulikuwa wazi, basi ngazi ikageuka bomba la moshi. Mlango, mhariri. Kitu ambacho mtu yeyote akifundishwa dakika kumi anaweza kukijaribu kwa mkono wake mtupu.

Kitu cha pili namfundisha mtu ni tangi la maji ya moto, manake huko ndo watu wanageuza stoo. Ukifungua kile kichumba utakuta maboksi, nguo za msimu, mti wa Krismasi wa plastiki, vyote vimeegemea hilo tangi la maji linalotumia gesi, lenye moto chini. Kanuni inasema kitu cha kushika moto kisiwe ndani ya futi 3, na likionekana hilo ni kosa la kuondolewa ndani ya saa 24. Afu kuna ile bomba inayoshuka ubavuni kutoka kwenye valvu ya usalama, watu wengi hawaioni kabisa. Inatakiwa iishie kati ya inchi 2 na inchi 6 kutoka sakafuni. Ikiishia juu sana siku valvu ikifunguka maji ya moto yanamrukia mtu usoni au tumboni, ikigusa sakafu hujui kama inavuja na inaweza kuziba. Mi nawaambia wapime kwa mkono, vidole vitatu vikilazwa pamoja sakafuni ndo mwanzo, bomba ikiishia juu ya kiganja na vidole vyake vikisimama wima kutoka sakafuni ndo imepita, ukiwa na shaka toa futi. Nimekuta iliyokatwa usawa wa kiuno. Miaka mingapi imekaa hivyo na karatasi za ukaguzi wa ndani zinasema tangi liko vizuri, sijui.

Hapo hapo kwenye karatasi za ukaguzi wa ndani niseme neno. Sheria inamtaka mwenye jengo akague nyumba zake zote mwenyewe kila mwaka, hata kama serikali haiji mwaka huo. Hii ndo darasa bora kuliko semina yoyote, bure, ndani ya jengo lako, na vitu vyako mwenyewe. Mnajua inafanyikaje sehemu nyingine? Kalamu moja, meza moja, mchana mmoja. Tiki tiki tiki mpaka chini. Nimewahi kupewa fomu ya nyumba nisaini, imeandikwa jiko zima plate nne zinawaka, na hiyo nyumba jiko lilikuwa limeshatolewa wiki mbili, kuna alama ya mafuta tu ukutani.

Lugha nayo. Nenda kwenye jengo lolote kama hili huku uangalie nani anasafisha na nani anatengeneza, utakuta Mkongo, Msomali, Mrundi, Mhaiti, watu wa Amerika ya Kusini, sisi Watanzania na Wakenya. Afu mafunzo yanakuja kwa kiingereza cha mwanasheria. Kuna jamaa yetu mmoja, fundi wa umeme kwelikweli, huko alikotoka alikuwa anafunga nyaya za kiwanda, alikaa kwenye mafunzo masaa matatu akitingisha kichwa, nikamuuliza tukitoka nje umeelewa, akasema kaka nimeelewa chai ilikuwa tamu. Tukaingia kwenye nyumba tupu iliyohamwa nikamuonyesha ile soketi ya karibu na sinki yenye vitufe viwili, nikamwambia soketi yoyote iliyo ndani ya futi 6 kutoka kwenye maji lazima iwe ya hii aina au ilindwe nayo, bonyeza cha kwanza umeme ukate, bonyeza cha pili urudi, isipokata ni mbovu hata kama inachaji simu. Akaniangalia akacheka, akasema kumbe ndo hiki walichokuwa wanazungukazunguka masaa matatu? Sasa hivi tunaiita soketi ya vitufe, basi, kila mtu anajua. Nimetengeneza na orodha yetu ya kiswahili kwenye simu, kila kitu na picha yake, mbovu upande huu nzima upande huu, naituma kwenye grupu la watsap. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyenilipa, sisemi hivyo ili nisifiwe, nasema hivyo kwasababu hiyo kazi ilitakiwa ifanywe na waliokula bajeti ya mafunzo.

Kuna sehemu ambayo hata semina za mabosi huwa haziigusi kabisa, nayo ni namna ya kuingia kwa mtu. Fundi anapoingia na uso wa polisi, anaguna kwasababu vyombo havijaoshwa, mpangaji anajifunza kuficha. Na mpangaji akishajifunza kuficha umekwisha, wewe na jengo lako. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mkongo, anaongea kiswahili cha kwao kile kizuri, niliingia kwake kubadilisha taa tu. Nikasikia tone. Nikauliza mama, kuna maji? Akasema hapana mwanangu, hakuna. Tone tena. Nikamwambia mama mi sijaja na karatasi yoyote, nimekuja na taa. Akanyamaza muda, afu akafungua mlango wa chini ya sinki mwenyewe. Ndoo ilikuwa imejaa karibu nusu, ubao wa chini umevimba umekuwa laini kama mkate, ukungu mweusi umepanda ukutani mkubwa kuliko sahani. Alikuwa anamwaga ile ndoo kila usiku, miezi, anasema, kwasababu mfanyakazi mmoja kabla yangu alimwambia akiharibu nyumba atatolewa. Kufunga ile bomba kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ukuta ulituchukua siku nne. Ukungu ule ungekuwa mdogo wa inchi mbili tatu tungefuta na sabuni tukamaliza siku ileile, na sio suala la alama tu, yule mama alikuwa anakohoa.

Kwa hiyo nikimfundisha mtu ukaguzi, nusu ya somo ni adabu. Gonga, sema jina lako, ngoja. Usimseme mtu kwa vitu vyake, fujo ya mtu sio kosa la jengo, labda kama kabati limeziba dirisha la chumba cha kulala ambalo ndo njia ya kutokea moto ukiwaka, hapo mweleze kwanini na umsaidie kulisukuma. Ukikuta kasokomeza mfuko wa plastiki kwenye king'ora cha moshi kwasababu kinalia akikaanga, usimkoromee, msogezee feni, angalia kama kile king'ora kimewekwa karibu mno na jiko. Vile vya zamani watu walikuwa wanachomoa betri kabisa, ndo maana siku hizi, tangu mwisho wa 2024, sheria inataka viwe vya kuunganishwa kwenye umeme wa nyumba au vyenye betri ya miaka 10 iliyozibwa ndani isiyochomoka. Na kile cha gesi ya kaboni monoksidi nacho usikipuuze kwasababu hakionekani kina kazi. Januari 2019 watu wawili walikufa kwa hiyo gesi kwenye nyumba za umma kule Columbia, South Carolina, wakahamishwa wakazi zaidi ya 400, na hapo ndo likaja agizo la kuviweka kwenye nyumba zote za ruzuku zenye kitu kinachochoma gesi au mafuta.

Sasa nisije nikaonekana nawatetea mafundi tu. Wapo wavivu, nawajua, wapo wanaojua kitu kibovu na wanapita. Lakini niwaambie siri, wengi hawakuanza wavivu. Unamfundisha kijana, anafungua macho, anaripoti vitu 20 kwa wiki, anaambiwa subiri vipuri, wiki ya pili anaripoti 15, subiri, mwezi wa pili anaripoti viwili, wa tatu anapita tu kama wengine. Kumfundisha mtu kuona afu ukamnyima kitasa cha kubadilisha ni kumtesa, bora ungemwacha alivyokuwa. Mi nilipopata bosi aliyenielewa nilimuomba kitu kimoja, kigari kidogo cha magurudumu chenye vitu vinavyosumbua kila siku, vifuniko vya soketi na swichi, vitasa, betri, taa, soketi za vitufe, skrubu za mkono wa ngazi, mipira ya milango, ili fundi akiona anamaliza palepale bila kupanda ofisini kuomba. Kifuniko cha swichi kilichopasuka ni kitu cha senti, lakini waya ukionekana mkaguzi anakuandikia kosa la saa 24, na hapo lazima upeleke uthibitisho kwamba umerekebisha, mambo ya picha na makaratasi, ofisi nzima inasimama kwa kitu ambacho mtu angekifunga skrubu mbili.

Na nusu saa. Nusu saa kila Jumanne asubuhi kwenye nyumba tupu, kitu kimoja tu kila wiki, mmoja wetu anajifanya mkaguzi anatukagua sisi, akikosea anacheka anarudia. Msafishaji yupo, dada wa mapokezi yupo, hata meneja akitaka anakuja lakini anavaa viatu vya kazi. Dada wa mapokezi ndo alituonyesha kigae cha njia ya mlango mkuu kimenyanyuka, anasema anajikwaa hapo kila siku, tukaweka futi, imepita robo tatu ya inchi, ambayo ndo kipimo cha kosa. Sisi mafundi wanne tulikuwa tunakiruka pale miaka miwili bila kujua tunaruka.

Kwa yule ndugu aliyeandika, najibu swali lako sasa. Tunalipwa kufanya unachokiona, na tunachoonyeshwa tufanye. Wiki ijayo ukimkuta fundi wenu koridoni msimamishe, msalimie, mwambie auachie mlango wa ngazi upana wa kiganja, mwusikilize huo mlango wote wawili. Akijua unachozungumza, utamwona anavyobadilika sura. Asipojua, mfundishe wewe, umeshasoma hapa.

Mi naishia hapa, barua imekuwa ndefu mtaikata mnavyojua wenyewe. Ukaguzi wetu bado mbali, hatujapata notisi yoyote, lakini leo nimefanya milango ya jengo la kwanza yote, imebaki 14 ya jengo la pili na mmoja wa ghorofa ya tatu unaonisumbua, unasema tak mara mbili ya tatu unanyamaza, kesho nabeba bawaba mpya.

Wenu,
Fundi wa majengo, Marekani